Linux Mint kwenye laptopu ya mtumba: kuijaribu, kuizoea na kuitengeneza inapogoma

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11, inayotakiwa kushika nafasi yake, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ambayo kwa kawaida ni ya kizazi cha nane kwenda juu. Kwa masharti hayo laptopu chungu nzima zinazouzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, za kizazi cha nne hadi cha saba, zimeachwa njiani zikiwa bado nzima. Mwongozo huu ni wa mwenye mashine ya aina hiyo aliyeamua kuhamia mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya kununua laptopu nyingine, na mfumo nitakaoueleza ni Linux Mint.

Mint ilianzishwa mwaka 2006 na Mfaransa Clément Lefebvre, na ni ya bure. Mfululizo wa 22, ulioanza Julai 2024, umejengwa juu ya Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa jamii ya Linux, na utaendelea kupata masasisho hadi 2029. Nimeichagua kwa sababu aliyezoea Windows anaikuta menyu pale pale chini kushoto, saa chini kulia, na madirisha yanafungwa kama alivyozoea. Hahitaji kujifunza upya namna ya kuishika kompyuta.

Jambo moja nataka lieleweke mapema. Mafundi wengi mtaani wana dawa moja kwa kila ugonjwa: kupiga Windows upya. Sauti haitoki, inapigwa Windows. WiFi imepotea, inapigwa Windows, na picha za harusi pamoja na tasnifu iliyobakiza sura moja zinaondoka humo humo. Kwenye Mint achana na dawa hiyo. Sehemu kubwa ya hitilafu zake hutengenezeka bila kufuta chochote, mradi usome mashine inasema nini na ubadilishe mambo moja moja, ukipima matokeo kila mara kabla ya kugusa jingine.

Kabla ya kugusa diski

Kwanza jiulize ni programu gani inakupa riziki. QuickBooks ya kusakinishwa kwenye kompyuta, TallyPrime na Photoshop hazitengenezwi kwa ajili ya Linux. Kama hesabu za duka lako zimo ndani ya mojawapo, bakiza Windows pembeni au tafuta mbadala kabla hujahama. Mtu wa kivinjari, barua pepe, nyaraka za ofisi, muziki na video hatakwama.

Mint huja katika sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Ukiwa na RAM ya GB 8 chukua Cinnamon, ndiyo nzuri zaidi kwa macho na ndiyo nitakayoitolea mifano. Ukiwa na GB 4 au pungufu, chukua Xfce. Watengenezaji wanataja RAM ya GB 2 kama kiwango cha chini na GB 4 kwa matumizi ya raha, na nafasi ya diski isiyopungua GB 20. Prosesa lazima iwe ya biti 64.

Pakua faili la ISO, lililobeba mfumo wote wa kusakinisha, kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint. Ni karibu GB 3, kwa hiyo tafuta WiFi ya ofisini au bando la usiku. Likishafika lihakiki, kwa sababu faili lililokatika njiani huleta makosa ya ajabu wakati wa kusakinisha na watu huishia kuilaumu mashine. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda yenye faili hilo, kisha uandike jina lake kamili mahali pa jina hili:

certutil -hashfile linuxmint.iso SHA256

Linganisha msururu wa herufi na tarakimu utakaotokea na ule ulio katika faili la sha256sum.txt kwenye tovuti ya Mint. Ukitofautiana hata kwa herufi moja, pakua tena. Baada ya hapo tumia programu ya Rufus au balenaEtcher kuliandika faili kwenye flashi ya GB 8. Kila kilichokuwemo kwenye flashi kitafutika. Usilinakili tu kama unavyonakili wimbo, maana kompyuta haitaweza kuwaka nalo.

Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Mint inawaka nzima nzima kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako. Zima kompyuta, chomeka flashi, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc kisha F9 kwa HP. Chagua flashi, kisha mstari wa kwanza wa menyu itakayotokea.

Ukishafika kwenye dawati, yaani skrini kuu yenye menyu na ikoni, fanya kazi halisi. Unganisha WiFi. Fungua video na usikilize sauti, kwa spika na kwa hedifoni. Jaribu kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, Bluetooth na printa. Funga kifuniko, subiri kidogo, fungua uone kama inaamka. Chochote kinachofanya kazi hapa kitafanya kazi baada ya kusakinisha, na kinachogoma umekifahamu mapema, Windows yako ikiwa bado salama. Itakuwa na uzito kwa kuwa inasomwa kutoka kwenye flashi. Usiihukumu kwa kasi hiyo. Ukizima, ulichobadilisha humo kinapotea.

Skrini ikibaki nyeusi baada ya menyu ya kwanza, washa tena na uchague Compatibility mode. Hutokea hasa kwa mashine zenye kadi ya picha ya NVIDIA, na draiva yake, programu inayokiendesha kifaa, itapatikana baadaye.

Kusakinisha

Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje kwanza. Hapa sibembelezi mtu.

Kama unabakiza Windows, kuna mambo mawili ya kumaliza humo ndani. La kwanza ni BitLocker, kufuli ya Windows inayoificha data ya diski: angalia kama diski imefungwa kwayo, na kama imefungwa, hifadhi ufunguo wake wa uokoaji nje ya kompyuta hiyo kisha uizime. La pili ni Fast Startup. Ikiwa imewashwa, Windows haizimiki kabisa bali inasinzia na diski mkononi, kisha Mint itayaona mafaili lakini itakataa kuyabadilisha. Izime kwenye mipangilio ya umeme.

Sasa waka na flashi na ubofye ikoni ya kusakinisha kwenye dawati. Weka tiki pale unapoulizwa kuhusu kodeki, yaani programu za kuchezea muziki na video. Kwenye ukurasa wa aina ya usakinishaji tulia na usome mara mbili: kuna chaguo la kuweka Mint sambamba na Windows, na kuna chaguo linaloanza na maneno Erase disk, ambalo linafuta kila kitu. Hakuna ukurasa mwingine wenye hatari kama huu.

Kibodi yoyote ya Kiingereza inatosha kuandikia Kiswahili. Ukitaka, kwenye orodha upo pia mpangilio wa Kiswahili cha Tanzania na cha Kenya.

Saa ya kwanza

Dirisha la Welcome litafunguka lenyewe. Ingia sehemu ya First Steps na uanze na Timeshift, kabla ya masasisho na kabla ya kupamba chochote. Timeshift hupiga picha ya mfumo mzima. Siku sasisho au draiva ikiharibu mambo, unaurudisha mfumo kwenye hali ya siku ile. Chagua aina ya RSYNC, iwe inapiga picha kila siku na kubakiza mbili, kwa kuwa picha ya kwanza hula gigabaiti kadhaa na diski ndogo hujaa. Fahamu mpaka wake: kwa kawaida Timeshift haigusi nyaraka na picha zako binafsi. Hizo zina njia yake, ama programu ya Backup Tool iliyomo kwenye menyu, ama diski ya nje na nidhamu.

Kisha fungua Update Manager, ile ngao iliyo karibu na saa. Sasisho la kwanza linaweza kufika mamia ya megabaiti, hata kupita gigabaiti, kwa hiyo lifanye penye intaneti ya kutosha. Humo kuna sehemu ya Software Sources inayokupimia kasi ya seva mbalimbali; chagua iliyo ya haraka kwako, utaona tofauti. Ninachokipenda ni kwamba Mint haisakinishi masasisho bila idhini yako isipokuwa wewe mwenyewe uiagize. Hutakuta bando limeliwa asubuhi.

Malizia na Driver Manager. Ikikuambia hakuna cha kuongeza, umemaliza.

Kuizunguka nyumba

Kitufe chenye nembo ya Windows kinafungua menyu. Andika herufi mbili tatu za unachotafuta. Kwenye Nemo, programu ya mafaili, F3 inaigawa dirisha mara mbili, kazi ya kuhamisha vitu kati ya folda inakuwa nyepesi. Chagua picha mia za simu, bonyeza F2, na utaweza kuzibadilisha majina zote kwa mkupuo.

Warpinator naisifu kwa moyo wote. Inapeleka mafaili kati ya kompyuta mbili, au kompyuta na simu ya Android yenye programu hiyo, mradi zote ziko kwenye mtandao mmoja. Hotspoti ya simu inatosha. Mafaili hayaendi intaneti, kwa hiyo hata video ya gigabaiti mbili haili bando. Kwa ofisi ndogo inayozungusha flashi zilizojaa virusi, programu hii peke yake ni sababu ya kuhama.

Web Apps hugeuza tovuti yoyote kuwa programu yenye dirisha na ikoni yake. Inafaa kwa WhatsApp Web, au mfumo wa shule unaoufungua kila siku.

Kwenye Software Manager programu moja inaweza kuwepo kwa namna mbili: System Package na Flatpak. Flatpak mara nyingi ni toleo jipya zaidi ila hupakua vitu vingi vya kuandamana nayo, hasa mara ya kwanza. Mwenye bando dogo aanze na System Package.

Nyaraka za Word hufunguka kwa LibreOffice. Kurasa zikihama mistari, sababu huwa ni fonti za Calibri na Cambria ambazo Mint haina. Zipo mbadala zenye vipimo vile vile. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, kwa Ctrl+Alt+T uandike:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Amri yenye sudo itakuomba nywila, na unapoiandika utaona nyota badala ya herufi zako. Inaandikika, endelea na ubonyeze Enter.

Inapogoma

Swali la kwanza kwa tatizo lolote ni hili: nini kilibadilika tangu mara ya mwisho ilipokuwa nzima? Sasisho, programu mpya, umeme kukatika, laptopu kuanguka. Jibu lake huondoa nusu ya kazi. La pili, soma maandishi ya kosa yalivyo, na uyapige picha kwa simu kabla hayajapotea.

*WiFi haionekani.* Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering kwenye mipangilio ya simu. Mint huiona mara moja kama mtandao wa waya, na sasa una intaneti ya kutafutia dawa. Fungua Driver Manager. Kadi nyingi za Broadcom hutibika hapo. Kama draiva ipo ila WiFi imezimwa, andika:

rfkill list

Ukiona "Soft blocked: yes", andika rfkill unblock all. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi au kitufe cha WiFi kwenye mwili wa laptopu yenyewe, hakuna amri itakayokifungua. Kadi ikikataa kabisa, adapta ndogo ya WiFi ya USB inayokubali Linux itakutoa, ila iombe uijaribu dukani kwa flashi yako kabla ya kulipa.

*Dawati limeganda.* Anza na Ctrl+Alt+Esc: hiyo inaiwasha upya Cinnamon peke yake, madirisha yako yakibaki. Isiposaidia, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa jina na nywila kwenye skrini ya maandishi, andika top uone ni nani anayekula RAM yote, na mara nyingi utakuta ni kivinjari. Ctrl+Alt+F7 hukurudisha. Hata hapo ikishindikana, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Shikilia Alt na PrintScreen, kisha ubonyeze polepole S, U, B. S inamalizia kuandika data kwenye diski, U inailinda diski isiandikwe tena, B inawasha upya. Baadhi ya laptopu zinataka na Fn.

*Umeme umekatika, na sasa inakomea kwenye skrini nyeusi yenye neno initramfs.* Wenye kompyuta za mezani zisizo na UPS watakutana nalo. Inatisha kwa sura, lakini dawa yake ni mstari mmoja. Juu kidogo ya neno hilo mashine imeandika jina la patisheni (kipande cha diski) yenye kasoro, kwa mfano /dev/sda2. Andika, ukitumia jina uliloliona kwako:

fsck -y /dev/sda2

Subiri imalize, andika reboot. Huku ndiko mashine nyingi huambiwa diski imekufa, zikapigwa upya bila sababu. Ikiwa kosa linarudi hata bila umeme kukatika, hapo diski yenyewe inashukiwa, na nitalisema mwishoni.

*Sasisho limekatika katikati.* Programu hazisakinishiki tena, na unaona maneno kuhusu dpkg. Andika amri hizi moja baada ya nyingine:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt update

Ukiambiwa "Could not get lock", kuna programu nyingine inayosasisha wakati huo huo. Iache imalize, usilifute faili la kufuli kama baadhi wanavyoelekezana.

*Baada ya sasisho haifiki kwenye dawati.* Washa huku ukigonga Esc, au ukishikilia Shift kwa mashine za zamani, hadi itokee GRUB, menyu ya kuchagua cha kuwasha. Ingia Advanced options na uchague kerneli (kiini cha mfumo) ya pili, ya toleo lililotangulia. Ikiwaka vizuri, kosa ni la kerneli mpya. Endelea na ya zamani hadi sasisho lijalo. Isipowaka, waka na ile flashi yako ya Mint, fungua Timeshift, uirudishe picha ya mwisho iliyokuwa nzima. Ndiyo maana flashi ile usiifute baada ya kusakinisha.

*Saa inakosea.* Wenye mifumo miwili wataona Windows ikiwa nyuma kwa saa tatu kila watokapo Mint. Mint huandika saa ya UTC, saa ya kimataifa, kwenye kompyuta, Windows huisoma kana kwamba ni saa ya hapa, na Afrika Mashariki imetangulia UTC kwa saa tatu. Kwa aliye Kigali, Bujumbura au Lubumbashi zitakuwa mbili. Amri hii inawapatanisha:

timedatectl set-local-rtc 1

Kama saa inarudi miaka nyuma kila unapozima, na tovuti zinalalamika kuhusu usalama, betri ndogo ya ubao mama imekwisha. Kwenye kompyuta nyingi za mezani ni CR2032, na yeyote anaweza kuibadilisha.

*Sauti imepotea.* Kwanza hakikisha kwenye mipangilio ya Sound kwamba haijaelekezwa HDMI, tundu la skrini ya nje. Kisha:

systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber

*Nzito kupita kiasi.* Andika free -h uone RAM na df -h uone nafasi ya diski. Patisheni ya mfumo iliyojaa huleta vioja vingi, mpaka kukataa kuingia. Punguza programu zinazojiwasha kupitia Startup Applications. Lakini niseme wazi: kama laptopu bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza uliyonayo inunulie SSD, diski isiyozunguka, kabla hata ya kuongeza RAM.

Unapoomba msaada, na unapolazimika kuanza upya

"Laptopu yangu haifanyi kazi" haijibiki. Mpe anayekusaidia matokeo ya inxi -Fxz, ambayo huorodhesha vifaa vyote na kuficha namba zinazoitambulisha mashine yako kwenye mtandao, pamoja na makosa ya mara iliyowaka kabla ya hii ya sasa:

journalctl -b -1 -p err

Ongeza ulichokuwa unafanya tatizo lilipoanza, na ulichokwisha kujaribu.

Ipo hali moja inayostahili kuanza upya: diski inayokufa. Fungua programu ya Disks, chagua diski yako, na kwenye menyu yake ufungue SMART Data. Ukikuta hesabu ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri inapanda siku hadi siku, acha kutengeneza na acha fsck, kwa sababu kila usomaji unaipunguzia maisha. Waka na flashi, chomeka diski ya nje, unakili folda yako ya nyumbani ukianza na nyaraka, kisha picha, video mwishoni. Baada ya hapo nunua diski mpya na usakinishe Mint juu yake.